Kazi za Mikono Nyumbani Ukambani: Kutoka Kiondo hadi Karatasi ya Manila

Ukimwomba mwanafunzi wa historia nchini Kenya akueleze safari ya elimu ya nchi yetu, atakutajia tume na ripoti. Ataanza na ripoti ya Fraser ya 1909, aje kwenye Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, apite kwa Beecher mwaka 1949, Ominde mwaka 1964 na Gachathi mwaka 1976, kisha afike kwa Mackay mwaka 1981. Karibu kila moja ya hizo ilikuwa na neno la kusema kuhusu mikono ya mtoto wa Kiafrika: afundishwe useremala au asifundishwe, ashike jembe kwanza au kalamu kwanza. Jambo ambalo ripoti hizo hazituelezi sana ni yaliyokuwa yakitendeka nyumbani baada ya kengele ya jioni, pale mzazi na mtoto walipokaa chini kutengeneza kitu.

Katika insha hii nitafuata kazi hiyo ya nyumbani kupitia vizazi vitatu vya Ukambani: kizazi cha nyanya yangu, cha mama yangu, na cha mdogo wangu wa kiume. Mimi mwenyewe nimo katikati, katika kizazi ambacho hakikuulizwa chochote kuhusu mikono yake. Hoja yangu ni kwamba kazi ya mikono ilidumu nyumbani kwa sababu kitu kilichotengenezwa kilihitajika pale pale nyumbani. Ilianza kuwa mzigo pale kitu hicho kilipogeuzwa ushahidi wa kuonyeshwa mtu mwingine.

Nyanya yangu, mzaa mama, alizaliwa mwaka 1948 karibu na Masii, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Machakos. Alisoma hadi darasa la tatu. Kusuka kiondo hakukumbuki kufundishwa kwa siku fulani, kwa sababu hakukuwa na siku ya somo. Mtoto alianza kwa kutumwa. Alitumwa kuleta majani ya mkonge yaliyopandwa kando ya shamba kama ua. Baadaye alipewa kazi ya kuyapara, yaani kulisugua jani juu ya ubao hadi nyama ya kijani itoke na zibaki nyuzi nyeupe. Nyuzi zilianikwa juani. Zikishakauka, mtoto alifundishwa kuzisokota kwa kuviringisha kwa kiganja juu ya paja, nyuzi mbili zikigeuka kuwa uzi mmoja. Paja la mtoto huwaka siku za mwanzo. Kitako cha kiondo, ambacho ndicho kigumu zaidi, mama alikianza mwenyewe, na mtoto akapewa kuendeleza pale mistari ilipokuwa imeshatulia. Kiondo cha kwanza cha mtoto kilikuwa kidogo na kilienda upande, lakini kilitiwa maharagwe kama vingine.

Katika maelezo hayo hakuna mtu aliyeketi "kumfundisha mtoto". Nyumba ilihitaji vyombo vya kubebea nafaka, na mtoto alikuwa mmoja wa wafanyakazi. Pwani kulikuwa na utaratibu unaofanana na huo. Miyaa ilikaushwa na kuchanwa, binti mdogo akaanza kwa ukili mwembamba usio na nakshi, na watu wazima wakaziunganisha kili kwa kushona hadi zikawa mkeka. Aliyelala juu ya mkeka ule alilalia pia kazi ya mtoto.

Msomaji asidhani kwamba ninasimulia mila isiyobadilika. Mkonge wenyewe ni mgeni. Ulitoka Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika, iliyokuwa koloni la Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukavuka na kuenea Kenya katika mashamba makubwa ya walowezi, kisha katika nyua za wakulima wadogo. Kabla ya hapo, vyondo vya Ukambani vilisukwa kwa nyuzi za magome, yakiwemo ya mbuyu. Kwa hiyo kiondo cha mkonge tunachokiita cha jadi huenda hakizidi sana umri wa mama yake nyanya yangu. Akina mama waliuona mmea mpya, wakaujaribu, wakaupokea, na watoto wao wakajifunza kuupara. Hakuna tume iliyoundwa kwa ajili hiyo.

Mfano wa pili unatoka Wamunyu, si mbali na Masii, na una uhusiano wa moja kwa moja na Tanzania. Wakamba walikuwa na mafundi wa vigoda, vijiko na vyombo vya mbao tangu zamani. Hata hivyo, uchongaji wa sanamu za kuuza unahusishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge. Kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi ya wachongaji wa huko, hasa Wazaramo, na aliporudi Wamunyu akaanza kuchonga kwa namna hiyo. Hakufungua chuo. Aliwafundisha watu wa nyumbani mwake, na hao wakawafundisha majirani. Ufundi ulienea kwa njia ya undugu hadi ukawa riziki ya mji mzima. Wachongaji walihamia Nairobi na Mombasa, na mwaka 1963 ushirika wao ukaanzishwa Changamwe.

Nilizuru Wamunyu mwaka 2023 kwa ajili ya kazi ya darasani. Chini ya vibanda nilikuta mgawanyo uleule wa kazi: baba na tezo, kijana mkubwa na kisu, watoto na msasa. Mzee mmoja aliniambia kwamba mtoto hupewa msasa kwanza ili vidole vyake vijue umbo la twiga kabla hajapewa chuma cha kumchonga. Nilimuuliza kama watoto hulipwa. Akacheka, akanionyesha sare za shule zilizoanikwa kwenye kamba nyuma ya kibanda. Pesa, basi, haikuiua kazi ya nyumbani pale Wamunyu. Twiga aliyeuzwa alirudi kama sare, na mtoto aliyempiga msasa alilijua hilo.

Sasa turudi kwenye tume. Fraser, aliyekuwa ametoka kufanya kazi ya elimu India, alipendekeza mfumo uliotenga watoto kwa rangi, na kwa Waafrika akatilia mkazo mafunzo ya ufundi. Miaka 15 baadaye ikaja Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Kielelezo chao kilikuwa shule za Hampton na Tuskegee, zilizoanzishwa kusini mwa Marekani kwa ajili ya watu weusi. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete. Walimu walifika pale pamoja na wake zao na watoto, wakaishi katika nyumba zilizopangwa kama kijiji cha mfano, wakafundishwa ujenzi, usafi, bustani na kazi za mikono. Kisha walitumwa vijijini kuzitembelea shule na kaya ili wengine waige.

Lengo hilo si baya likisomwa peke yake. Tatizo ni kwamba wazazi wa Kiafrika hawakulisoma peke yake. Walilisoma pamoja na kipande, kodi ya nyumba na mashamba ya walowezi yaliyohitaji vibarua. Mtoto wa mlowezi alisomeshwa ili aongoze, wao wakaambiwa watoto wao wafundishwe kusuka na kulima, kazi ambazo tayari walizifanya nyumbani bila ada. Ndiyo maana shule huru zilizochipuka, hasa miongoni mwa Wakikuyu baada ya mgogoro wa 1929 na wamishenari, zilidai Kiingereza na masomo ya vitabu. Nadhani ni kosa kusema kwamba wazazi hao walidharau kazi ya mikono. Walikataa kuona kazi waliyoifanya kwa heshima nyumbani ikigeuzwa ukuta wa kumzuia mtoto asipande juu. Lakini ukataaji huo ulituachia mabaki. Hadi leo mzazi akitaka kumtisha mtoto asiyesoma humwambia ataishia kushika jembe, hata kama jembe ndilo lililomlipia mzazi huyo karo.

Mama yangu alizaliwa mwaka 1976, na akasoma chini ya mfumo wa 8-4-4. Mfumo huo ulitokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay, ukaanza mwaka 1985 chini ya Rais Moi. Ulikusudia kumfanya kijana ajitegemee hata akiachia shule darasa la nane. Sanaa na ufundi, sayansi kimu na kilimo viliingizwa katika masomo ya msingi. Wazazi walichangia kwa harambee kujenga karakana na vyumba vya sayansi kimu, na sehemu nyingi karakana hizo ziliishia kuwa kuta bila vifaa.

Mama anakumbuka kwamba kila muhula mwalimu alidai kitu: ufagio, mkeka mdogo, kikapu, kitambaa kilichotariziwa. Vitu hivyo vilitengenezwa nyumbani. Aliyekuwa na mama fundi alileta kizuri, na asiyekuwa naye alinunua au alichapwa. Baada ya kupewa alama, vitu vilibaki shuleni. "Mifagio yetu ilifagia ofisi," mama husema. Kisha mwaka 1990 akafanya mtihani wa KCPE. Karatasi ya sanaa na ufundi ilikuwa ya kuchagua jibu: A, B, C au D. Mtoto aliweza kupata alama nzuri za ususi bila kugusa uzi, na yule aliyesuka vizuri angeweza kufeli kwa kutojua jina la mshono kwa Kiingereza.

Hapo ndipo naona badiliko kubwa. Kiondo cha nyanya kiliingia jikoni. Kikapu cha mama kiliingia katika kabati la shule, kisha kikageuka swali. Nyanya, aliyekuwa mwalimu wake wa kweli, alianza kumwonea huruma binti yake na kumwambia aende akasome, kikapu atamalizia yeye. Ni tendo la upendo, na sina haki ya kulilaumu, lakini matokeo yake yako wazi. Mama anajua kusokota uzi juu ya paja kwa kasi inayonishangaza, ila hajui kuanza kitako. Sehemu ngumu ilimalizwa usiku na mtu mwingine ili alama zipatikane asubuhi.

Mimi nilizaliwa mwaka 2003. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalikuwa yamepunguzwa kwa sababu wanafunzi walilemewa, na masomo hayo ya vitendo yakaondolewa katika KCPE. Kitu kisichotahiniwa hakikufundishwa. Katika ratiba yetu ukutani kulikuwa na kipindi cha sanaa, na kila wiki tulikitumia kufanya hisabati.

Je, mikono yetu ililala? La. Ilifanya kazi pasipo mtu mzima kuangalia. Tulikunja waya za uzio na kutengeneza magari yenye usukani mrefu wa kusukumia, na magurudumu yakakatwa kutoka kwenye ndara zilizochakaa. Wasichana tulitengeneza wanasesere kwa vitambaa vya fundi cherehani na nywele za mkonge. Mpira wa miguu uliundwa kwa mifuko ya plastiki, iliyoviringishwa tabaka juu ya tabaka na kufungwa kwa kamba kwa namna ya wavu. Mpira mzuri ulidunda. Kamba iliyofungwa ovyo ilifumuka kabla ya kipindi cha pili, na aliyeufunga aliijua hukumu yake hapo hapo uwanjani.

Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika Kenya nzima. Nilikuwa darasa la nane, zimebaki kama miezi miwili tufanye KCPE. Naiunga mkono sheria hiyo, kwa kuwa nimeona mitaro ya mji wetu ilivyokuwa. Lakini katika miezi iliyofuata wavulana wa mtaani walilazimika kubuni upya mpira. Walijaribu matambara, wakagundua yananyonya maji na kuwa mazito. Wakajaribu sponji la godoro ndani na matambara nje, likafaa zaidi. Ni yaleyale ya mbuyu na mkonge: malighafi imebadilika, wenye haja wakatafuta nyingine.

Mdogo wangu aliingia Gredi ya Kwanza Januari 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote. Mtaala huo unataka mtoto atende, si akariri tu, na mzazi ahusishwe. Kwa maneno hayo, unarudisha kile ambacho nyanya alikijua. Kwa vitendo, wazazi wengi waliupokea kama orodha ya kununua: karatasi za manila, gundi, rangi, picha za kuchapishwa kwenye saiba. Mama huuza mboga sokoni na hufika nyumbani saa mbili usiku. Nakumbuka jioni nyingi ambapo swali la kwanza mlangoni halikuwa "umeshindaje?" bali "kesho mnatakiwa kupeleka nini?" Malalamiko ya aina hii yalisikika nchi nzima. Septemba 2021 mtaala ulipelekwa Mahakama Kuu, na mwaka 2022 Rais Ruto akaunda jopo la kuchunguza mageuzi ya elimu.

Mdogo wangu alipokuwa Gredi ya Nne aliagizwa kutengeneza kikapu kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira. Sokoni, mita chache kutoka meza ya mama, kulikuwa na mtu aliyeuza vikapu vidogo vya shule kwa shilingi 250, tayari kupelekwa kwa mwalimu. Mama alikuwa ameshatoa pesa. Nyanya, aliyekuwa amekuja kwetu kwa matibabu, akamzuia. Alimtuma mjukuu wake mkonge, akamkalisha kwenye mkeka, akamwonyesha kusokota. Mama alipoomba amsaidie kumaliza kwa sababu muda umekwisha, nyanya alijibu, "Mwanangu, wewe nilikumalizia. Huyu simmalizii."

Kikapu kilienda shuleni kikiwa kimeinama. Katika mtaala huu mtoto hapewi alama kwa asilimia bali kwa viwango vinne: anazidi matarajio, anafikia, anakaribia, au yuko chini ya matarajio. Mdogo wangu aliandikiwa kwamba anakaribia matarajio. Mwenzake aliyepeleka cha shilingi 250 alizidi matarajio. Simlaumu mwalimu, aliyekuwa na watoto zaidi ya 60 na vikapu zaidi ya 60 mezani. Alichoweza kuona ni kitu, hakuweza kuona jioni nne zilizotumika.

Hata hivyo, haki inanitaka niseme upande wa pili. Bila agizo lile la shule, nyanya asingeulizwa. Mkonge ulikuwa uani miaka yote niliyokuwa mtoto, nyanya alikuja kwetu mara nyingi, na hakuna aliyemwomba amfundishe mtu. Tulimwona kama mgonjwa wa kupumzishwa. Shule, kwa kudai kikapu, ilimrudisha kwenye kiti cha mwalimu. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaotaka kazi hizi ziondolewe kabisa na watoto warudi kwenye vitabu tu. Hilo tulilijaribu kwa kizazi changu.

Historia niliyoieleza inanielekeza kwenye mapendekezo machache. Kwanza, kitu alichotengeneza mtoto kirudi nyumbani kitumike, kama kiondo cha maharagwe na sare za Wamunyu. Pili, mwalimu apime hatua badala ya umbo la mwisho: mtoto asokote uzi darasani kwa dakika 10 na itajulikana nani alisuka. Tatu, muda uwe wa kweli. Nyanya husema kiondo cha kawaida humchukua wiki kadhaa, maana kinasukwa katikati ya kazi nyingine, wakati agizo la shule hutolewa Jumatano likitakiwa Ijumaa. Mwisho, vifaa vitokane na mahali mtoto anapoishi, na mzazi aachwe huru kusema hapa kwetu hakuna mkonge ila kuna maganda ya ndizi au vipande vya nguo.

Nyanya sasa ana miaka 77 na jicho lake moja limefunga. Miongoni mwa wajukuu wake 19, ni mdogo wangu peke yake aliyefikia hatua ya kusuka ukuta wa kiondo, na hakuna hata mmoja anayeweza kuanza kitako. Likizo ya Aprili nilikwenda Masii wiki mbili, nikamwomba anianzishe mimi. Alikataa kunianzishia, akaniambia nianze mwenyewe yeye akiangalia. Nilifumua mara sita. Kitako changu kwa sasa kinatosha kufunika kikombe, na likizo ya Agosti nitarudi nacho.